A na B Mmempa Nani?

Nimeiachia meza yangu ya Tabata kwa sababu macho hayataki tena kusoma maandishi madogo ya kwenye ubao wa mashine, siyo kwa sababu kazi imeniishia. Kwa hiyo nina muda wa kuwaeleza nyie mnaoanza jambo ambalo video za mafunzo hazilisemi: kugawa diski ni kazi ya dakika chache kwa mashine, lakini kwa wenye mashine ni kazi ya ukoo mzima.

Kwa mgeni wa mambo haya, kompyuta mpya iliyoungwa leo ina diski tupu, sawa na pori ambalo halijapimwa. Kabla ya kuweka chochote, fundi huikata vipande, na kila kipande hupewa herufi yake. Kipande cha kwanza, C, ndimo unamokaa mfumo unaoiendesha mashine. Vinavyofuata, D, E na kuendelea, ni vya mwenye mali kuweka kazi zake. Sababu ya kutenganisha ni moja tu. Siku mfumo ukiharibika, fundi anafuta C na kuweka mfumo mpya, na vilivyoko D havijui hata kama kulikuwa na msiba jirani.

Na mfumo utafutwa, msiwe na shaka. Mji huu unaamini dawa moja. Kompyuta ikiwa nzito, inapigwa window, yaani mfumo unafutwa na kuwekwa mwingine. Ikiingia virusi, inapigwa window. Spika zikikataa kutoa sauti, inapigwa window, kisha ikigundulika kwamba waya wa spika ulikuwa umechomoka, mwenye mashine anasema si kitu, angalau sasa imekuwa mpya.

Nimekata diski za kila namna ya watu. Wanafunzi wa hosteli za Mabibo waliwahi kuniletea mashine moja ya watu wanne, nikawapa herufi nne. Mwezi haujaisha wakarudi kushtakiana kwamba mmoja amehamishia muziki wake kwa mwenzake bila hodi. Bwana mmoja wa jirani yangu alitaka kipande ambacho mkewe hatakiona. Nilimwambia siri za ndoa haziko kwenye orodha ya huduma zangu, basi akajifanyia mwenyewe, akakiita "Sehemu ya Mfumo Usiguse". Mkewe alikipata siku ileile. Mfumo mzima ulikuwa wa Kiingereza isipokuwa hicho.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kushika kompyuta. Aliitwa Fundi Chande, mtengeneza redio wa Buguruni, na kila mteja alipoweka redio mezani alimuuliza swali moja kabla hajagusa bisibisi: "Humu ndani kitu gani kikipotea utalia?" Watu walicheka. Redio ina nini cha kupotea? Lakini yeye hakushika kitu mpaka ajibiwe, na kama mteja alikuja na mtoto au na shangazi, aliwauliza na wao. Mara moja mzee mmoja alifikiri sana, kisha akasema kuna kaseti imenasa humo, ya sauti ya kaka yake aliyekufa Lindi. Yeye alishaikatia tamaa. Fundi Chande alifungua redio ile kwa uangalifu wa mtu anayemvua mtoto mchanga nguo. Redio haikupona. Kaseti ilipona.

Swali lile nimelibeba kwenye kompyuta zote. Na kisa ninachotaka kuwaeleza ni cha siku lilipoulizwa nusu.

Temeke, nyuma ya soko la Tandika, kuna studio ndogo ya picha na video za harusi. Aliyeianzisha ni Mzee Pazi, na alipofariki ilibaki kwa wanawe wawili. Kassim, mkubwa, anapiga video. Rehema, mdogo wake, anatengeneza kadi za mialiko na kuchapa picha. Kompyuta ya baba yao ilikuwa inakata roho. Diski yake ililia tki-tki-tki kila ikiwashwa, na ndani yake mlikuwa na harusi zote za mitaa ile ambazo mzee alizitoa kwenye kanda kabla kanda hazijaliwa na ukungu. Wakanipa kazi ya kuunga mashine mpya na kuhamisha mali.

Mama yao, Bi Mwanaidi, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Niliwasalimu wote, yeye nikampa shikamoo yake, kisha nikauliza swali la Fundi Chande. Kassim akataja kazi zake, Rehema akataja zake. Mama akasema:

"Mie nataka sauti ya baba yao tu."

Akanieleza taratibu. Mumewe alikuwa nyuma ya kamera maisha yake yote, kwa hiyo hakuna video hata moja inayomwonyesha. Anasikika tu. Na mwenye kusemeshwa ni yeye Mwanaidi, kwa sababu miaka ile yote yeye ndiye aliyeshika taa. Harusi zilikuwa za watu, lakini kwenye kila moja, katikati ya vigelegele, mume anaongea na mkewe. Tangu afiwe, kila Ijumaa baada ya swala mama huyu alikuwa anakuja studio, wanamfungulia harusi moja, anasikiliza, anaondoka.

Nikaelewa kazi iliyoko mbele yangu. Sikuelewa bado kwamba ingekuwa na baraza.

Maana Kassim na Rehema walikuwa wametoka kwenye mgogoro wa kiwanja cha Kigamboni, kilichouzwa kwa watu wawili na muuzaji akahama mji. Tangu hapo hawakubali kitu chochote kikatwe bila shahidi. Wakamwita mjumbe wa mtaa, Mzee Mtulia, mtu mtulivu mwenye fulana ya mpira na miwani ya kuazima, ambaye ameshuhudia mauziano ya ardhi mengi kuliko anavyotaka kukumbuka. Akawekewa kiti mbele ya kioo cha kompyuta. Akataka aonyeshwe pori lote kabla ya kukatwa.

Nilimwonyesha. Diski ilinunuliwa kama ya GB 500, mashine ikaandika 465.

"Fundi," Kassim akasema, "hapa pameshamegwa."

Nikaeleza kwamba mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu na mashine inahesabu kwa elfu na ishirini na nne, kwa hiyo kitu kilekile kinapata namba mbili. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, na hakuna aliyeniamini. Mzee Mtulia ndiye aliyeniokoa.

"Kassim, mwanangu, muuzaji alipima kwa hatua za mtu mfupi. Hii mashine ina miguu mirefu. Uwanja ni uleule."

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili tangu hapo, ya watu wenye shahada, na sijapata neno lililo fupi na la kweli kuliko hilo. Mlitumie.

Kisha nikasema tunaanzia C. Mjumbe akainua kidole.

"Subiri. A na B mmempa nani?"

Nikasema A na B hazigawiwi. Zilitengwa zamani kwa ajili ya diski za plastiki za kuchomeka, ambazo hazitumiki tena miaka mingi.

"Kwa hiyo marehemu ndio wameshikilia viwanja vya mbele."

"Ndiyo, mzee."

"Basi kama Kigamboni," akasema, na akaridhika.

Ukubwa wa C nao ulipigiwa kura. Nilitaka GB mia na hamsini ili mfumo upumue. Kassim akasema nyumba ya serikali haiwezi kulingana na ya wananchi. Ikawa mia. Kilichobaki nikakikata sawasawa, D ya Kassim kwa ukubwa wa umri, E ya Rehema, na Rehema akasogeza kiti chake akahesabu tarakimu moja moja mpaka akaona zinafanana. Wakaanza kuhamishia kazi zao kwa furaha ya watu waliopata hati.

Zikabaki harusi za mzee.

Hapo, vijana, ndipo mtaona tabia ya binadamu ilivyo ndani ya diski. Nilisema hizi ziwe D au E, mahali ambapo hapafutwi. Kassim akasema video zake ni nzito, kwa Rehema ndiko kuna nafasi. Rehema akasema yeye anaishi kwa kazi za watu, akikosa nafasi siku ya oda ya kadi atalala njaa, na isitoshe kaka ndiye mwenye mambo ya video. Mzee Mtulia akawaambia kila mmoja amege kidogo, itoke njia katikati, kwa sababu ameona mitaa ambayo kila mtu alijenga mpaka mwisho wa mpaka wake, na siku ya msiba jeneza likapitishwa dirishani. Wakamsikiliza kwa heshima kubwa. Kisha Kassim akauliza njia hiyo ianzie upande wa nani.

Mwishowe Kassim akapata wazo ambalo lilisikika kama upendo.

"Weka pale mbele kabisa, kwenye deskitopu. Mama akifika tu, anaiona."

Rehema akakubali mara moja. Mama akafurahi. Tatizo ni kwamba deskitopu, zile picha unazoziona mashine ikiwaka, ni sehemu ya C. Nikawaambia: hapo ni ukumbini kwa mfumo, na mfumo ukifutwa, ukumbi unafutwa pamoja nao. Nikawaambia watafute flashi kubwa ili pawe na nakala nyingine. Wakasema kesho. Nikaandika kwenye karatasi ya gundi, kwa herufi kubwa, C HUFUTWA, nikaibandika ubavuni mwa kasha la mashine. Diski ya zamani ililia tki-tki-tki mara ya mwisho ilipomaliza kutoa mzigo, na haikuwaka tena.

Kariri hili, wewe unayeanza: kitu cha mmoja kina mlinzi. Kitu cha wote hukaa ukumbini.

Yaliyofuata niliyapata baadaye kwa vipande. Rehema alibandika tangazo la kadi za harusi juu ya karatasi yangu, kwa sababu ubavu wa kasha ulikuwa unatazama wateja. Kassim, mwenye D yake yote ya kifahari, alikuwa anapakua nyimbo na sinema na kuziacha pale zinapoangukia, na zinaangukia C. Serikali ndogo waliyoitaka ikajaa mpaka kooni. Mashine ikaanza kukokota, msimu wa harusi ukakaribia, wakamwita fundi wa banda la jirani.

Fundi yule simlaumu hata kidogo, na nyie msimcheke. Alifanya yale ambayo wengi wenu mnayafanya, na aliyafanya vizuri. Alimuuliza Kassim, "Braza, vitu vyako viko wapi?" Kassim akasema D. Akamuuliza Rehema, naye akasema E. Wote wawili walijibu kweli tupu. Mtu wa tatu alikuwa nyumbani anapika, na hakuna aliyemuuliza. Akapiga window. Mashine ikarudi nyepesi, watoto wakafurahi, na ile deskitopu ikawaka safi, buluu, bila kitu.

Ijumaa Bi Mwanaidi akaja na kanga yake mpya, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, leo mtandao unasumbua," Kassim akamwambia.

Harusi za mzee hazikuwa na uhusiano wowote na mtandao, lakini mama hakuwa na sababu ya kubishana na mtaalamu. Ijumaa iliyofuata umeme ulikuwa mdogo. Nyingine, mashine ilikuwa na kazi ya mteja. Rehema ndiye aliyechoka kwanza, siyo na uongo bali na adabu ya mama yake, ambaye kila aliporudishwa aliwaambia poleni na kazi.

Walikuja Tabata wote wawili, kasha limefungwa kwenye shuka kama mgonjwa. Niliwauliza jambo moja: tangu ilipofutwa, mmeitumia? Wakakiri. Walikuwa wamehariri harusi za msimu mzima, na Kassim alikuwa amerudia kupakua sinema zake.

Sasa sikilizeni, maana hii ni kazi. Faili likifutwa kwenye diski ya kuzunguka, kama hii yao, haliondoki palepale. Kinachoondoka ni kibao cha mlangoni. Mwenyewe bado yumo, mpaka mpangaji mwingine aingie na vyombo vyake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kuzima mashine, na ya pili ni kutorudisha unachookoa kwenye diski ileile, maana utakuwa unamzika mtu juu ya mtu. Unaichomoa, unaifunga kwenye mashine nyingine, unasoma tu, unaandikia kwingine. Na nyie wa diski mpya za chipu, zile za kasi, msijipe matumaini haya. Zile hujisafisha zenyewe, na aliyefutwa amefutwa.

Nilikaa na diski ile mpaka nikaisoma yote. Nilipata majina ya mafaili mengi. Mengi yalikuwa majina tu, ukifungua ndani mna vipande vya sinema ya mapigano ya Kassim. Mengine hayakufunguka kabisa. Moja ndilo lililocheza, harusi ya mtaa wa pili kutoka kwao, na picha yake ilikuwa imevurugika yote, vibao vya kijani na kijivu vinavyorukaruka, huwezi kujua bwana harusi ni nani na kuku ni nani. Lakini sauti ilikuwa imesalimika.

Kassim alipoona vile vibao vya kijani akaficha uso. Rehema akaniuliza kama naweza kuirudisha picha. Nikasema hapana. Wakataka tusimwonyeshe mama, tuseme imepotea yote, afadhali kuliko aone uchafu ule. Niliwakumbusha alichosema siku ya kwanza. Hawakukikumbuka. Siku ile walikuwa wanahesabu tarakimu.

Nikaenda nao Temeke na kasha lao. Rehema ndiye aliyesema, tena alisema yote: nani aliita fundi, nani alijibu nini, na kwamba mtandao haukuwa na kosa lolote. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja, mama. Na picha yake imeharibika."

"Ifungue."

Nikafungua. Kijani na kijivu vikaanza kuruka. Vigelegele, ngoma, mtoto analia karibu na kipaza sauti, mtu anaitwa aje kwenye chakula. Kisha sauti ya mwanamume, karibu sana, ya chini, ya mtu ambaye hataki kamera imsikie:

"Mwanaidi, inua taa kidogo. Hapo hapo. Usichoke, tunamaliza."

Bi Mwanaidi alikuwa anatazama sakafu, siyo kioo. Mkono wake wa kulia uliinuka juu ya goti, kidogo tu.

"Sijachoka," akasema.

Kassim akaanza kuomba radhi kwa ajili ya ile picha, akasema atatafuta fundi mwingine, kuna mtu Kinondoni anasifiwa. Mama akamnyamazisha kwa kiganja.

"Picha za watu hizo. Mie nilikuwa namulika, nimewaona wote." Kisha akanigeukia. "Fundi, na mie nipimie."

Watoto wakaanza tena. Kassim akasema ikatwe kwake. Rehema akasema hapana, kwake ndiko kuna nafasi. Walikuwa wanagombea kutoa kwa hasira ileile waliyogombea kunyima, na nikaona kesi itarudi kwa mjumbe.

"Kata kwa wote wawili," mama akasema.

Nikamuuliza anataka ukubwa gani. Faili lenyewe lilikuwa dogo. Lingeweza kukaa pembeni popote.

Akafikiri kama mtu anayepimiwa nguo. "Pa kusimama watu wawili. Mmoja na kamera, mmoja na taa."

Nikakata. Nilimpa herufi D, Kassim akasogea E, Rehema akasogea F. Nakala ya pili niliiweka kwenye flashi waliyoileta siku ileile, na ya tatu iko kwangu. Mzee Mtulia alipita kuona kazi ikiisha, akavaa miwani yake, akasoma herufi zote kutoka juu hadi chini. A na B zilikuwa bado za marehemu. Safari hii hakuuliza. Alivuta kiti, akamwomba Bi Mwanaidi ruhusa na yeye asikilize.